Nyaraka Zilipohamia Kompyuta Moja

Katika ofisi za Kongo za zamani, tangu enzi ya Wabelgiji hata miaka mingi baada ya uhuru wa 1960, karani hakuwa na waraka ulio wake. Barua iingiayo ilitiwa nambari katika daftari la ziingiazo, itokayo ikatiwa katika la zitokazo, na nakala yake ya kaboni ikafungwa jaladani kwa kufuata tarehe. Na kule Katanga, karani alipohamishwa kutoka Mitwaba kwenda Pweto au Manono, aliondoka na ahali yake na masanduku yake, ilhali kabati lilibaki pale pale likimngojea mrithi wake. Nami nilipoingia katika kazi hii niliwadiriki wazee wachache wa desturi hiyo, waliozijua nambari za barua kwa ghibu, na ambao hawakufahamu asilani mtu awezaje kutoka ofisini na hati ya ofisi mfukoni.

Kompyuta ndiyo iliyoitangua kaida hiyo. Windows XP, iliyotoka 2001 na kuenea katika ofisi zetu za Katanga kwa lugha ya Kifaransa, ilimpa kila mtumiaji folda iitwayo Mes documents, nayo ilikaa ndani ya mashine ile ile aliyoketi mbele yake, chini ya jina lake. Waliobuni mpango huo yamkini walimfikiria mtu mmoja nyumbani kwake, na picha zake na barua zake. Walakini ofisini, baada ya muda si mrefu, orodha, ripoti na hesabu za ofisi nzima ziligawanyika zikawa milki ya huyu na yule, wala hapakuwa na daftari la kuonyesha kipi kiko kwa nani.

Madhara yake niliyaona dhahiri Mitwaba. Mnamo 2005 na 2006 vita vya wanamgambo wa Mai-Mai katika pembetatu ya Mitwaba, Pweto na Manono viliwang'oa watu makwao kwa makumi ya maelfu, hata kiongozi wao Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha papo hapo Mitwaba mwezi wa Mei 2006. Na mashirika ya msaada yakafungua ofisi ndogo ndogo za jenereta na kompyuta chache. Katika mojawapo, nilikofanya kazi ya ukarani, majina ya wakuu wa kaya, vijiji walivyovikimbia na idadi ya watoto wao yaliandikwa na watu mbalimbali katika mashine mbalimbali, yakahamishwa meza kwa meza kwa flash, na flash zenyewe zilijaa virusi vilivyozificha folda za kweli na kuweka za uongo mahali pake. Siku moja ya kugawa unga, orodha za mtaa mmoja zilikataa kupatana, na ile tuliyoiamini ilikuwa ndani ya mashine ya mwenzetu aliyekwenda Lubumbashi kwa ruhusa, imefungwa kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake. Simu haikushika. Akina mama, watoto migongoni, walikaa majanini hata adhuhuri, na magunia yakarudishwa ghalani.

Fundi kijana aliyeletwa kutoka Lubumbashi baada ya fadhaa hiyo hakuja na seva, kwani fedha za seva hazikuwapo. Aliteua kompyuta moja ya kawaida, maadamu XP Professionnel iliruhusu mashine kumi kuifikia kwa wakati mmoja nasi hatukuwa wengi hivyo. Akatuandikisha humo kwa majina yale yale na maneno ya siri yale yale tuliyotumia mezani kwetu, akamfungulia kila mtu folda yake, kisha akapita mashine baada ya mashine, akabonyeza Mes documents kwa kitufe cha kulia, akafungua Propriétés, na palipoandikwa Cible akaelekeza njia mpya. Katika ofisi kubwa za mjini, zenye Windows 2000 Server, jambo hilo liliamriwa mara moja kwa wote. Kwetu lilikuwa kazi ya miguu. Mama mtunza fedha, alipoona nyaraka zake zikipita katika kioo moja moja, alisimama.

“Mwana, unapeleka bintu byangu wapi?”

“Biko paka byako, Mama,” alijibu fundi, na hakika folda ilibaki na jina lile lile, hata aliyefungua hakuona tofauti yoyote.

Mama hakuridhika, nami nadhani alikuwa na haki. Humo mlikuwa na hesabu za likelemba, yaani mchango wa zamu, ya wanawake wa mtaani, ambazo msimamizi, aliyeshika ufunguo wa kompyuta ile, angeweza sasa kuzisoma akitaka. Wengine walinyamaza, wakaendelea kuweka kila kitu juu ya Bureau, ile sura ya kwanza ya kioo, ambayo fundi hakuihamisha; basi nusu ya mali ya ofisi ilibaki ilipokuwa hata alipoitwa tena.

Taabu iliyozidi ilikuwa umeme. Jenereta ilipozimwa ili kuokoa mafuta, wenye kompyuta za mkononi walisoma barua zao kwa nakala ambazo Windows ilizihifadhi ndani ya mashine zao ili zitumike mtandao ukikatika. Lakini orodha za kaya zilikuwa faili za Access, na faili za namna hiyo mpango ule haukuzinakili isipokuwa fundi aurekebishe mwenyewe. Kwa hiyo kilicho muhimu kuliko vyote ndicho kilichotukatalia. Dawa yake haikuwa ya hekima kubwa: betri ya akiba ikafungwa kwenye kompyuta ile peke yake, na kila jioni nakala ikatiwa katika diski ya nje iliyolala kwenye kasha la fedha.

Tangu 2018 Microsoft imeziwezesha ofisi kuzihamishia folda hizo hizo OneDrive, ghala lake la mtandaoni, kwa amri moja, na ofisi ndogo za Lubumbashi zinafuata njia hiyo, kila moja kwa kadiri ya mtandao wake. Kwa upande wa kazi, ile ada ya kabati imerudi: karani huondoka, na waraka hubaki. Ila kabati la zamani hatukulitia barua za nyumbani, na folda hii tunaitia. Mkataba ukiisha jina la mtu hufungwa kutoka mbali, na picha za arusi ya binti yake hufungwa pamoja nalo. Ndiyo maana mafundi ninaowajua, kabla ya kugusa mashine, humpa kila karani siku nzima ya kuondoa vilivyo vyake. Na mabwana wa ofisi huiona siku hiyo kuwa ni hasara.