Maji Ndani ya Tangi la Mafuta

Mama mwenzangu, huenda wadhani mambo ya gari ni ya baba peke yake. Mimi muuguzi nayafuatilia, kwani mama mwenye uchungu hutegemea gari limfikishe hospitali.

Huku kwetu, kati ya Kahama, Kakola na Geita, mafuta huuzwa pia kwa madumu kando ya barabara. Dumu lililobeba dizeli leo, pengine jana lilibeba maji. Msimu mmoja wa mvua, gari la kukodi lililompeleka mjamzito hospitali lilizimika njiani usiku. Fundi alipofungua chujio alikuta maji. Mama yule alijifungulia kando ya barabara. Tunamshukuru Mungu, yeye na mtoto ni wazima.

Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hutuama chini ya tangi, pale mafuta yanapovutwa kwenda kwenye injini. Mkumbushe mumeo au dereva anunue kituoni. Akilazimika kutumia dumu, liwe kavu, na la mafuta tu. Amimine kidogo kwenye chupa ya kioo, mbali na moto, aiache itulie. Maji yataonekana chini. Tangi lisilale nusu tupu, maana hewa yenye unyevu iliyomo hupoa usiku ikawa matone. Mpira wa kifuniko uwe mzima. Gari la dizeli, maji yatolewe kwenye chujio kabla ya safari.

Siku za kujifungua zikikaribia, tunaandaa khanga na nauli. Tuulize na habari za tangi.