Nguva Asiyemlilia Mwana wa Mfalme

Ukimkuta binti yako wa miaka kumi na mitano ameinamia kitabu chenye picha ya nguva kwenye jalada, usiharakishe kumwambia kuwa anapoteza wakati kwa porojo. Muulize kwanza ni nguva yupi.

Nguva wengi wa vitabuni ni uzao wa yule aliyetungwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Alimpenda mwana wa mfalme, akakubali mchawi wa baharini amkate ulimi ili apate miguu, na kila hatua aliyokanyaga ilimchoma kama kisu. Mwana wa mfalme akaoa mwingine. Ni hadithi nzuri, sikatai, na nguva yule alitamani pia kupata roho isiyokufa. Walakini kwa msichana anayeanza kujitambua naiona ni fundisho zito, kwamba apendaye hana budi kunyamaza.

Sasa tazama riwaya ya Skin of the Sea, yaani Ngozi ya Bahari, iliyotolewa mwaka 2021. Mwandishi wake, Natasha Bowen, ni Mwingereza mwenye asili ya Nijeria na Wales. Nguva wake, Simi, ni mmoja wa Mami Wata saba walioumbwa na Yemoja, mungu wa kike wa Wayoruba. Hana nafasi ya kukaa juu ya mwamba akichana nywele. Yeye hufuata merikebu za watumwa, na kila maiti inapotupwa majini huipokea roho yake, huiombea, na kuirejesha kwa Muumba, Olodumare. Siku moja anayetupwa ni kijana aliye hai. Simi anamwokoa, na kwa kufanya hivyo anavunja amri na kuwatia wenzake wote hatarini.

Hapo porojo imekwisha. Wanahistoria hukadiria kuwa Waafrika milioni 12.5 walipakiwa katika merikebu za kuvuka Atlantiki, na wapatao milioni 1.8 walifia njiani. Mwaka 1781, katika merikebu iliyoitwa Zong, watu zaidi ya 130 walitupwa baharini wakiwa hai, kisha wenye merikebu wakadai fedha za bima, kama mtu adaivyo shehena iliyopotea. Watu hao hawakuoshwa, hawakuvikwa sanda, hawakusomewa dua wala sala. Sisi ambao msiba wa jirani hututoa kazini tukakeshe matangani, twaelewa uzito wa jambo hilo. Bowen amewapa mtu wa kuwazika.

Binti wa dada yangu, alipomaliza kukisoma, hakusema neno juu ya mapenzi yaliyomo. Aliniuliza, "Mjomba, majina ya wale waliotupwa yaliandikwa wapi?" Nilimjibu kuwa vitabu vya merikebu viliandika hesabu. Akanyamaza, kisha akauliza ni nani basi aliyejua ni nani aliyekufa. Hilo sikuwa na jibu lake.

Kitabu kina kasoro zake. Safari ya Simi huenda mbio mahali ambapo ningependa itue, na hayo mapenzi, kwa maoni yangu, yamezidi chumvi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mzazi awezaye na akisome kwanza mwenyewe. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 na angoje kidogo, maana maiti huanza kuanguka majini mapema sana.