Mwanangu, Uliza Hasara Inamwangukia Nani

Mwanangu, naandika wakati mkono bado unatii, kwa kuwa mtu wa umri wangu haweki neno la leo kwa ajili ya mwakani. Nimepata habari kwamba umekubaliwa kufanya utafiti juu ya biashara yenye uwajibikaji na ubunifu, na wazee wenzangu hapa Konde, Pemba, waliponiuliza hicho ni kitu gani niliwajibu kuwa ni elimu ya kutafuta chumo bila kumla mwenzio. Walimu wako watakuwa na maelezo marefu zaidi. Mimi hilo linanitosha, na juu yake ndipo nataka kukuusia.

Shukuru kwamba unasoma nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya 1999, kikaanza kufundisha 2001, na skuli yake ya biashara ya Chwaka imekalia pale palipokuwa na chuo cha fedha kilichounganishwa nacho mwaka 2016. Bado ni kichanga, na uchanga huo ni neema na ni mtihani, kwa sababu mengi ya kwetu hayajaandikwa, na utakaloliandika wewe, la kweli au la makosa, huenda likategemewa miaka mingi na watu wasiokujua. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nami naongeza kwamba lipo daftari linalopoteza mali likiwa wazi mezani.

Tazama karafuu iliyokusomesha. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imetoka kwenye vilima vyetu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, karafuu zikachambuliwa kutolewa makonyo, zikaanikwa majamvini, kisha zikapelekwa kwenye mizani ya ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa, ambalo ndilo mnunuzi anayetambuliwa na sheria. Zilipita zama mkulima akipata kipande kidogo tu cha bei ya dunia, na karafuu zikawa zinavushwa usiku kwenda pwani ya Kenya, na aliyekamatwa alikiona cha moto. Mwaka 2011 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Sasa fikiri, mwanangu: mtafiti anayesoma madaftari ya zama za magendo ataona karafuu chache, atalaumu mvua, pengine atalaumu uvivu wa mkulima, kumbe nyingine zilishafika Mombasa. Kila takwimu utakayopewa, uulize kwanza imepita kwenye mizani ya nani na nini kilipita kando ya mizani hiyo.

Lakini moyo wangu uko zaidi kwenye mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa mashariki wa Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kikafika kwetu, na leo mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba. Shuka pwani ya Kiuyu wakati wa bamvua utawakuta wanawake wameinama, maji magotini, wanafunga vipande vya mwani kwa vikamba viitwavyo tai-tai kwenye kamba zilizotandikwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi wanavuna na kuanika. Wanunuzi walikuja na kamba na mbegu, na pamoja navyo wakaja na sharti: uwauzie wao, kwa bei yao. Sitaficha kwamba kheri ilipatikana. Wanawake ambao hawakuwahi kushika fedha zao wenyewe walijenga, wakasomesha, wakawa na sauti majumbani mwao. Ila bahari ilipozidi joto, kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ukaanza kuugua na kufa kwenye maji mafupi, na spinosamu unaostahimili ukabaki na bei yake ndogo. Hasara ile haikukaa kwa kiwanda cha ng'ambo kinachosafisha mwani ili uingie kwenye dawa za meno na vyakula. Ilikaa kwa mwanamke aliyeinama. Muhogo ukikosa mnunuzi unapikwa watoto wakala. Mwani ukikosa mnunuzi unakutazama tu.

Hapo ndipo nilipoiona thamani ya mtafiti. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwakutanisha wakulima wa mwani, wataalamu, serikali na wafanyabiashara. Wanawake wakajifunza kusaga mwani ukawa unga, kutengeneza sabuni zenye harufu ya karafuu na mchaichai, na wakajaribu kulima kotonii kwenye kina kirefu kwa nyavu za mirija, kwenye maji yasiyochemka kwa jua. Lakini kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na wengi wa mama zako hawana chombo wala hawakufunzwa kuogelea. Mbinu iliyoufaa mwani haikumfaa mkulima mpaka watu walipokaa wakayashughulikia hayo mawili. Kwa hiyo, popote utakapoandika kwamba jambo fulani ni ubunifu, andika na nani ataachwa ufukweni, na likiharibika nani atalipa.

Ukienda vijijini pita kwanza kwa sheha, kiongozi wa eneo, na kibali chako, kisha utulie. Usimfungulie mtu dodoso maji yakiwa yanakupwa, maana saa zile ndizo riziki yake. Mkute jioni anaanika, uinue naye jamvi huku ukimuuliza, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usimwahidi mkopo wala soko ambalo huna. Akikueleza deni lake kwa wakala wa wanunuzi, ile ni amana, na wala usidhani kuficha jina kunatosha, kwa sababu kisiwani kwetu ukitaja kijiji na idadi ya watoto tayari umeshamtangaza.

Najua utateleza, mwanangu, na sikuandikii kwa kuwa nakushuku. Utachoka, utataka kumaliza haraka, utashawishika kujaza mwenyewe jibu alilosahau mtu. Tena atakuja mwenye fedha akulipie utafiti, atakukaribisha vizuri na kukusifu, nawe unajua mgema akisifiwa hulitia tembo maji. Hapa kaskazini, ukiupita Msitu wa Ngezi kuelekea Ras Kigomasha, hoteli zimeshafika, na huenda siku moja ukatakiwa uandike kwamba hoteli fulani inajali mazingira na jamii. Usihesabu miti iliyopandwa mbele ya kamera. Hesabu vijana wa kijiji cha Makangale walioajiriwa, kwa kazi gani na kwa mkataba wa namna gani, uulize maji ya kuogea wageni yanatoka kisima kipi, utazame kama mvuvi bado anapita kwenda pwani yake. Ukikuta mema yaandike bila choyo. Ukikuta mabaya yaandike bila chuki, na kama kwa ajili hiyo mtu atakunyima fedha au shahada ikachelewa, rudi nyumbani upumzike. Mapenzi yangu kwako hayakuanza na shahada, hayawezi kukatika kwa kuikosa.

Haya ya mizani na haki ulianza kuyasoma zamani, ulipohifadhi Surat al-Mutaffifin ukiwa mdogo, sura inayowaonya wapunjao vipimo. Mtafiti naye ana kipimo chake. Kuchukua maneno ya watu ukaenda zako, ukapata cheo kwayo, na wao wasijue uliandika nini, huko nako ni kupunja.

Basi nakuomba jambo moja. Tasnifu yako ikikubaliwa, nakala moja ikae kwa sheha, kisha uje Konde na uende Kiuyu, uwaeleze kwa Kiswahili wale waliokupa saa zao yale uliyoyaona, nikiwepo au nisiwepo. Wakikwambia umekosea, kaa chini uwasikilize, na usahihishe.