Cherehani, Daftari na Sudusi ya Bibi

Mjomba alifariki mwaka 1984, mwaka ambao wazee wa Thika wakiutaja husema tu "wakati wa unga wa njano". Mvua zilikosa, mahindi ya kigeni yakaletwa kwa meli, na ugali ukawa na rangi ambayo hakuna aliyeipenda wala aliyethubutu kuikataa. Alizikwa siku ileile. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, mtaa wa Majengo, tukaja kusimuliwa kwamba kabla ya kumswalia imamu aliuliza kama yupo anayemdai marehemu. Mjomba mdogo akasema, "Deni la ndugu yangu ni langu. Mnione mimi."

Kusema vile pale msikitini ni rahisi. Kulipa ndiko kulikotuchukua zaidi ya mwaka. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kwa kuwa Kiingereza changu kilitosha kusoma fomu, nikafanywa karani wa mambo yote. Mkazamjomba alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, na ingawa shehe alimruhusu kutoka mchana kwa dharura, yeye alitaka dharura ziwe chache.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo hapo Thika, akapunguzwa, ndipo akakodi baraza ya duka moja Ruiru akaweka Singer yake ya kukanyaga. Asubuhi alipanda matatu kwenda, jioni akarudi. Kwa hiyo madeni yake yalikaa katika miji miwili.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye duka wa Ruiru. Hakutaja jumla, alileta daftari lenyewe. Kila mstari na tarehe yake: unga, sukari robo, mafuta ya taa, mkate, tena unga. Nilimsomea mkazamjomba mstari kwa mstari. Pahali pamoja akasema, "Hiyo sukari si yetu, wiki ile tulikuwa nayo." Mwenye duka akatoa kalamu, akaufuta, akaomba radhi. Alisema atangoja mpaka Mungu atakapofungua njia, na alingoja kweli.

Kisha kulikuwa na mfuko wa vitambaa: sare za shule zilizokatwa lakini hazijashonwa, suruali yenye mguu mmoja, gauni la harusi lisilo na mikono. Mjomba mdogo alisema vitambaa vya watu si mirathi, akavibeba mpaka Ruiru, akampa fundi wa baraza ya pili amalizie kwa nusu ya ujira. Kuna jambo nililiona pale ambalo nimeliona kwenye kila msiba tangu hapo: waliokuwa wakimdai walijitokeza wote, aliokuwa akiwadai wao walipungua ghafla.

Mchezo wa kuchangiana fedha nao. Mjomba alikuwa ameshapokea zamu yake, akabaki na deni la kuwachangia wenzake waliosalia. Mama aliyeshika hesabu alimkubalia mjomba mdogo aendelee kutoa, na hilo likaisha bila karatasi. Hospitali ya serikali haikutudai kitu, maana ada zilikuja kurudishwa mwishoni mwa 1989. Vijana wanaochangisha fedha leo ili maiti itolewe hospitalini hawaniamini nikiwaambia.

Aliyetutisha alikuwa mwenye duka la vitambaa vya jumla, Thika. Bili yake ilikuwa kubwa kuliko zote, na hakutaka kungoja. Akatuma mkokoteni uje kuchukua cherehani.

Hapo ndipo safari zangu za mahakamani, nilikokuwa nikitumwa kuuliza habari za mirathi, zilipofaa. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 lakini ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, kwa hiyo ilikuwa bado mpya hata kwa makarani. Mmoja wao, Mahakama ya Thika, alikuwa ameniandikia kwa mkono maneno ya kifungu cha 45: anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya usimamizi, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Mjomba mdogo aliisoma karatasi ile mbele ya vijana wa mkokoteni, taratibu, kwa sauti ya muadhini. Mkokoteni ulirudi mtupu.

Basi tukafuata njia. Cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, kisha ombi kwa hakimu, kwa kuwa mali haikufika shilingi 100,000 na hivyo haikulazimu kwenda Mahakama Kuu. Watoto watatu walikuwa wadogo, sheria ikataka wasimamizi wawili: mkazamjomba na mjomba mdogo. Tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi, siku 30 za mwenye pingamizi kupinga. Halafu miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Mali yenyewe? Akiba ya NSSF ya miaka ya kiwandani, kitabu cha Benki ya Posta, cherehani, baiskeli, na cheti cha hisa katika kampuni ya kununua mashamba iliyomwahidi ploti ya hamsini kwa mia Ruiru, pahali palipokuwa bado pana mibuni.

Lililotuumiza halikuwa deni. Shehe alikuwa amepiga hesabu nyuma ya bahasha: mafungu 96, mke 12, Bibi mamake marehemu 16, mtoto wa kiume 34, kila binti 17. Karani akaitazama bahasha, akanirudishia. Kwa sheria mpya, alisema, na Waislamu wakiwemo, mke anachukua vyombo vya nyumba na kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote asipoolewa tena, kisha watoto wanagawana sawasawa. Mama wa marehemu hana fungu pakiwa na watoto. Anaweza kudai kama mtegemezi, ila itabidi alete kesi.

Nilipomfikishia Bibi habari hizo, aliuliza, "Kwani mimi sikumzaa?" Kuhusu kesi alisema hawezi kuwashtaki wajukuu zake.

Sitaficha kwamba mimi, msichana, nilikipenda kile kipengele cha mabinti kupata sawa na ndugu yao. Lakini sheria yenyewe niliichukia ilipomfikia Bibi. Na sheria ileile ndiyo iliyookoa cherehani. Kwa miaka mingi nimetafuta namna ya kuipenda au kuichukia yote kwa pamoja, nimeshindwa.

Fedha za NSSF zilipotoka, mwaka 1986, mkazamjomba alizitandaza mkekani. Akatenga kwanza za daftari la Ruiru, kodi ya baraza na mwenye vitambaa, ambaye alilipwa mpaka senti ya mwisho na hakusema asante. Zilizobaki akazigawa mafungu, akahesabu sudusi, yaani moja ya sita, akaisukuma mbele ya mama mkwe wake. Yeye ndiye ambaye sheria mpya ilimpa zaidi kuliko mtu yeyote pale. Angeweza kunyamaza, na hakuna mahakama ambayo ingemuuliza. Bibi alipokea. Hakujifanya kukataa.

Mwaka 1990 Bunge lilirekebisha sheria, mirathi ya Waislamu ikarudi kwenye sharia yao, taratibu za usimamizi zikibaki pale zisipopingana nayo. Bibi alikuwa ameshafariki. Cherehani ilimsomesha kitinda mimba mpaka kidato cha nne. Ploti ya Ruiru ilipatikana baada ya mivutano mirefu na kampuni, na hati yake ina majina ya watoto watatu, kwa fungu sawa, kama hakimu alivyoamua. Mtoto wa kiume, aliyestahili zaidi kwa hesabu ya bahasha, hajawahi kuipinga.