HARUSI ISUBIRI, KWANZA KRIKETI!

Jamani, hivi kuna mwanamume aliyewahi kuambiwa achague moja, kucheza mpira au kuoa? Mimi sijamsikia. Sisi akina dada tunaambiwa kila siku. Ndiyo maana nataka nikupe kisa cha binti wa Australia aliyeitwa Betty Wilson.

Alizaliwa Melbourne mwaka 1921, baba yake fundi viatu. Ana miaka 10 tu, tayari anacheza kriketi na wakubwa wa klabu ya wanawake ya Collingwood. Mazoezi yake ya nyumbani? Mpira ndani ya soksi ndefu, soksi kwenye kamba ya kuanikia nguo, yeye anapiga tu.

Vita Kuu ya Pili ikamchelewesha. Mechi yake ya kwanza ya Test, ile kriketi ya kimataifa inayochezwa siku kadhaa, aliipata 1948 dhidi ya New Zealand, akiwa na miaka 26. Akapata mikimbio 90 na kutoa wapigaji 10. Ndiyo kwanza anaanza huyo!

Sasa sikia mambo. Februari 1958, hapohapo Melbourne, Australia wakakutana na England. Australia wakatolewa wote kwa mikimbio 38. Aibu! Betty akachukua mpira: wapigaji 7 nje kwa mikimbio 7 tu, watatu kati yao kwa mipira mitatu mfululizo. England wakaishia 35. Mzunguko wa pili Betty akapiga mikimbio 100, kisha akatoa wengine 4. Mechi iliisha sare, lakini kabla yake hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kupiga mia na kutoa watu kumi katika Test moja. Mwanamume wa kwanza kufanya hivyo ni Ian Botham wa England, mwaka 1980. Miaka 22 baadaye!

Hapa ndipo panaponichoma. Betty alikuwa na mchumba. Safari za timu zilipokuja, harusi ikaahirishwa, na mpaka anafariki Januari 2010, akiwa na miaka 88, hakuwahi kuolewa. Botham je? Alikuwa ameoa tangu 1976. Kwake yeye, pete na mpira vilikaa nyumba moja bila ugomvi.

Mimi mwenzenu nacheza netiboli. Jamaa yangu ananipenda, sikatai. Lakini juzi kanambia nikishaingia nyumbani kwake, sketi ya mazoezi nimgawie mdogo wangu. Yeye mwenyewe kila Jumapili yuko uwanjani na timu ya mtaa, na jezi anataka nifue mimi!

Nikampelekea shangazi kesi. Akasema, "Mwanangu, netiboli haitakuzika." Nikamuuliza, "Na mpira wake utamzika yeye, shangazi?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Jibu sikupata.

Msinifikirie vibaya. Sisemi dada zangu mkimbie ndoa, hata mimi pete naitaka. Ila anayekutaka akutake na mchezo wako, kama wewe unavyomchukua na wake. Jamaa anasubiri jibu mwisho wa mwezi. Kama kuna anayemfahamu, ampelekee gazeti hili.