Kipimo Nacho Kinapimwa

Wadau, kama umewahi kuuguza mtu mwenye kikohozi kisichoisha, unajua kusubiri majibu ni ugonjwa wa pili. Mwaka 2008, nikiwa bado mtoto hapa Mjimwema, Songea, baba mdogo alikohoa miezi. Makohozi yakaangaliwa kwa hadubini mara tatu, na mara zote majibu: hakuna kitu. Akapewa dawa ya kifua, rudi nyumbani. Ilipokuja kujulikana kwamba ni TB, alikuwa hawezi hata kukaa kwenye baiskeli. Dawa alizianza, hakuzimaliza. Tulimzika.

Hadubini haikumsingizia. Vimelea vikiwa vichache kwenye makohozi haivioni, na kwa wanaoishi na VVU mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Sasa kazi hii ya gazeti ina mambo yake, leo uko kikao cha madiwani, kesho unasoma makaratasi ya makohozi! Nimesoma habari za GeneXpert, ile mashine inayotoa jibu la TB chini ya saa 2 na kukuambia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipitisha Desemba 2010. Majirani zetu wa Mbeya nao waliijaribu kwa watu 292, na 172 kati yao walikuwa na VVU. Matokeo yalichapishwa 2011: ilinasa asilimia 88.4 ya wale ambao TB yao ilithibitishwa kwa kuotesha vimelea.

Hebu rudi hapo kwenye kuotesha. Ili uiamini mashine ya saa 2, inabidi usubiri vimelea viote maabara, na hiyo inaweza kufika wiki 6. Bado hujatafuta wagonjwa wa kutosha, bado vibali. Miaka inaliwa hapo.

Najua kuna atakayesema, jamani, leteni vipimo kwanza, mengine baadaye. Mimi nakataa. Vipimo vya damu vya TB viliuzwa miaka mingi katika nchi kadhaa, watu wakavilipia, hadi Julai 2011 WHO ikasema visitumike. Kipimo kibovu kingemwambia baba mdogo "huna" kwa haraka zaidi, basi.

Kilichonivutia ni namna walivyovichunguza vipimo hivyo. TDR, ule mpango wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulio chini ya WHO, ulikuwa na benki ya sampuli: sampuli za wagonjwa wa nchi mbalimbali ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Vipimo 19 vikawekwa pamoja, kwa sampuli zilezile, ripoti ikatoka 2008. Yaani ile kazi ya kusubiri ilishafanyika kabla kipimo hakijafika mlangoni. Kampuni ikija na kipimo kipya, unafungua friji.

Kweli, friji halitakuambia mashine itavumilia vipi vumbi letu na umeme wa kukatika. Lazima ije ijaribiwe huku pia. Lakini kile kibovu utakuwa umeshakitupa mapema.

Wiki ijayo nina miadi na watu wa afya wa mkoa. Nina swali moja tu kwenye daftari: mgonjwa wa Ruvuma akishatoa makohozi, yakapimwa, na yeye mwenyewe akaridhia yatunzwe, yanayobaki yanakwenda wapi?