Habari Ziwafikie

Waliokulia Unguja katika miaka ya 1990 wataukumbuka utulivu uliokuwa ukishuka ndani ya nyumba pale Sauti ya Tanzania Zanzibar ilipoanza kusoma matangazo ya vifo. Kijiko kiliwekwa chini, nasi watoto tukanyamazishwa. Mtangazaji alimtaja anayetangaza, kisha marehemu, kisha akaingia katika orodha iliyokuwa ndefu kuliko tangazo lenyewe: ni baba wa fulani wa Makunduchi, ni mjomba wa fulani wa Chake Chake, ni mkwe wa fulani aliyeko Tanga. Mwisho zilikuja saa na mahali pa maziko, na yale maneno ya habari ziwafikie jamaa popote walipo. Sisi tulizijua nasaba za watu wa mbali kabla ya kuijua ramani ya kisiwa chetu.

Hakuna aliyeyaita matangazo yale uandishi wa habari. Lakini yalitaja nani, lini na wapi, na juu ya hayo yalimtaja aliyeileta habari. Likitokea kosa, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Leo habari ya msiba inafika kwa WhatsApp kabla marehemu hajafumbwa macho. Hatuoni haki ya kuilaumu kasi hiyo. Dini inataka maiti azikwe mapema, na kijana aliyeko Pemba akicheleweshewa habari kwa saa moja ataikosa boti, na akiikosa boti ameyakosa maziko ya mama yake. Katika ukatibu wetu wa kamati ya msikiti tumemshuhudia mtoto aliyeko ng'ambo akiyafuata maziko ya baba yake kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake makaburini. Redio isingempa hilo.

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa usiku na gari la wagonjwa baada ya kushukwa na sukari. Kabla ya alfajiri picha yake ya Idi ilikuwa imezunguka makundi yote ya mtaa, ikiwa na innalillahi, alama ya moyo uliovunjika na maneno "mzee wetu". Hapakuwa na jina kamili, wala saa ya maziko, wala aliyeandika. Bintiye aliyeko Muscat aliiona akiwa kazini, akatupigia sisi baada ya kumkosa kaka yake. Hakuuliza kama baba yake amekufa. Aliuliza kama atayawahi maziko.

Tulikwenda hospitali tukamkuta mzee amekaa kitandani anakunywa uji. Tukampa simu. Walilia wote wawili, na uji ukamwagika.

Baadaye tulijaribu kuufuata ujumbe ule nyuma, kama tulivyofundishwa chuoni kuifuata sanad. Imamu Muslim, katika karne ya 3 Hijria, aliitanguliza Sahihi yake kwa maelezo marefu kuhusu wapokezi na hali zao. Kila mpokezi ana jina, na mwenye jina hujulikana kama ni mkweli, msahaulifu au mwongo. Sisi tuliwafikia watu wanne. Wa tano alisema aliupata katika kundi la wauza samaki. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huuwekea ujumbe uliosambazwa alama ya kuujulisha, na mwaka 2019 ikazuia usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Lakini alama hiyo haisemi ujumbe umeanza kwa nani. Sanad yetu ikakatikia kwenye pweza na changu.

Mzee aliporudi nyumbani alitaka asomewe tangazo la kifo chake. Akasikiliza, akauliza: "Ndiyo yote? Na dada yangu wa Wete? Na wajukuu wa Dar es Salaam? Mtu ataniombea dua vipi, na hajui mimi ni wa nani?" Tulicheka, lakini swali lake lilitufuata mpaka kwenye kikao. Ujumbe ule ulikuwa wa uongo. Hata ungekuwa wa kweli, ungekuwa mtupu.

Kamati ikaamua kwamba tangazo lisitoke kwenye kundi la msikiti mpaka mmoja wa wafiwa azungumze na katibu au imamu, na jina lake liandikwe chini. Kijana mmoja alipinga: makundi mengine hayatasubiri, nasi tutaonekana tumelala. Hakukosea. Tangu hapo tumetanguliwa mara mbili, kwa robo saa na zaidi. Katika mara ya pili waliotutangulia walikosea msikiti wa kusalia, na jeneza likasaliwa na safu mbili tu.

Kazi ngumu imekuwa nasaba. Mfiwa ukimpigia alfajiri hawakumbuki wakwe wala mawifi, na si haki kumlazimisha. Kwa hiyo tumefungua daftari. Wazee wanaopenda huja baada ya Alasiri, wakatuandikisha jamaa zao wenyewe, wangali hai. Wapo wanaoona ni kujitabiria, na hao hatuwafuati. Yule mzee alikuwa wa kwanza. Ukurasa wake umejaa mpaka pembezoni, na wiki iliyopita alirudi kuongeza mjukuu aliyezaliwa Muscat.